Jina Ambalo Nareyu Hakuliandika

Ujumbe wa Ashrafu uliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Lukresia Tluway akiwa uani kwake Karatu anapepeta ngwara, yale maharage meusi ambayo mama yake humletea kutoka Qurus kila baada ya mavuno. Aliusoma amesimama, ungo umeegemea kiunoni. Akausoma tena ameketi. Mara ya tatu alijikuta amesimama tena na hakumbuki aliinuka saa ngapi.

"Shikamoo mama. Mswada wa Nareyu wa Endulen tumeupitisha kwenye programu ya kupima. Asilimia themanini na saba umeandikwa na akili mnemba. Unajua msimamo wetu. Naomba ripoti yako ya mhariri kabla ya Ijumaa, tumwondoe na tuwataarifu wenzetu."

Ashrafu alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja aliyerithi kampuni ya vitabu ya baba yake kule Arusha, na pamoja na kampuni akarithi mhariri, maana Lukresia alikuwa akihariri riwaya za nyumba hiyo tangu Ashrafu anavaa kaptula za shule. Hao "wenzetu" walikuwa wachapishaji wengine, wenye kundi lao la WhatsApp ambamo mwaka huu walianza kubandika majina ya waandishi waliobainika kuandikiwa na mashine. Majina matatu yalikwisha kubandikwa. Watatu hao hata wangeandika kwa wino wa dhahabu, hakuna mlango ambao ungefunguliwa. La Nareyu lingekuwa la nne, na hiki kilikuwa kitabu chake cha kwanza.

Mhariri mwingine angekasirika, angesema vijana wa siku hizi uvivu umewazidi. Lukresia hakukasirika. Alikwenda jikoni, akarudi, akaenda kuufunga mlango wa stoo ambao ulikuwa umefungwa tayari. Ile mashine iliyoandika aliijua mpaka siku na saa, kwa sababu aliyeifungua alikuwa yeye.

Tuliseme jambo hili mapema, kwa kuwa mwenyewe alichelewa kulisema. Wakati wa masika alikuwa na miswada mitano mezani, mama yake ameanguka na kuumia nyonga, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Riwaya ya Nareyu ilimfikia kwa simu, sura moja moja, sura ishirini na tatu kwa jumla. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia darasani, sentensi zinatembea kimaasai, ng'ombe anatangulia na mtu anafuata nyuma, na kila jambo linazungukwa kwanza kabla ya kufikiwa. Sura tatu za mwanzo Lukresia alizihariri kama alivyofundishwa, neno kwa neno, kalamu mkononi. Ya nne aliibandika kwenye mashine na kuiandikia: nyoosha Kiswahili, usibadilishe kisa. Ilirudi kabla chai haijapoa, imenyooka, inateleza. Akasema leo tu, kwa kuwa nimechoka. Kesho yake akasema sura hii tu, kwa kuwa ni ndefu. Ilipofika Pasaka sura ishirini zilikuwa zimepita humo, naye alikuwa akizitupia jicho tu zikitoka, kama mtu anayehesabu magunia bila kufungua hata moja.

Akautuma mswada Arusha na maneno machache: "Nimeufanyia kazi sana huu." Ashrafu alimsifu. Aliipokea sifa.

Na huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumliza kijana mmoja mbele ya wenzake kwa sababu ya aya moja ya kunakili. Nyani haoni kundule, wahenga walikwisha kumaliza maneno hapo.

Jumanne haikukalika. Aliianza ripoti mara tatu, na mara zote tatu ilianza kwa neno "mwandishi", akaifuta. Alikwenda sokoni kununua nyanya akarudi na kiberiti. Aliosha mapazia. Alimpigia mama yake Qurus kumuuliza hali ya nyonga, na mama alipoanza kujibu akawa hasikii. Ndipo likamjia wazo ambalo kwanza aliliona baya, baadaye likawa la maana, na ilipofika alasiri likawa ndilo wazo pekee lililobaki: je, kama Nareyu naye aliitumia? Nani haitumii siku hizi? Madereva wa watalii hapa Karatu wanaandikiwa nayo ujumbe wa kuwaaga wageni. Mwalimu wa chekechea kama Nareyu, mwenye simu nzuri, ataikwepa kwa lipi? Ikiwa aliitumia hata kwa ukurasa mmoja, basi kosa ni la wote wawili, na kosa la wawili halina mwenyewe.

Angeweza kuhakikisha palepale. Sura zote kama zilivyoandikwa na Nareyu zilikuwa kwenye simu yake. Hakuzifungua. Alijua akizifungua atazikuta safi, na alikuwa hataki kuzikuta safi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Lukresia alikuwa anatafuta bega la mwenzake. Aliamua kwenda Endulen, akamwarifu Nareyu kwa ujumbe, amtazame usoni akiwa na prufu mkononi, zile karatasi za kusahihishia kabla kitabu hakijachapwa, amwekee kidole kwenye mstari na kumuuliza: huu ni wako?

Jumatano asubuhi alipanda gari la Ally, mfanyabiashara mwenye duka karibu na msikiti, ambaye kila Jumatano hupeleka unga na sukari Endulen, kwa kuwa kule ndani ya hifadhi watu hawaruhusiwi kulima. Walipita getini, wakapanda msituni hadi ukingoni mwa kreta. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka magari yanawasha taa. Kwenye kituo cha kutazamia, wageni waliojifunika mablanketi ya lodji walikuwa wanasubiri ukungu uinuke.

"Mama Tluway, watu wanatoka Ulaya kuja kuliangalia shimo hili, wewe unaangalia simu," alisema Ally. "Na hapa mtandao hamna."

"Nina kazi, Ally."

"Kazi ya vitabu? Endulen?" Alicheka. "Au kwa yule Nareyu?"

Lukresia aligeuka. "Unamjua?"

"Nisimjue vipi, mteja wangu wa bando. Anafundisha watoto asubuhi, jioni anapanda kile kilima chenye mtandao, anasimama na simu mpaka jua linazama. Mvua, baridi, yeye yuko juu. Vijana walidhani ana mchumba mjini. Mpaka siku moja nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia, kaka Ally, kuna mwalimu Karatu ananisomea kitabu changu."

Lukresia alirudisha macho kwenye simu isiyokuwa na mtandao. Alitamani Ally aendelee kuongea mambo mengine, na Ally, kwa bahati, hakuwa mtu wa kunyamaza.

Nareyu alimpokea kando ya duka, mwanamke wa miaka kama thelathini, shuka la bluu juu ya sweta la shule, shanga shingoni. Alimshika mikono yote miwili.

"Shikamoo mwalimu. Umenifuata mpaka huku."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemwambia mama yangu, mwalimu anakuja na kitabu. Hajalala vizuri."

Lukresia alifungua kinywa aseme kwamba hajaleta kitabu, ila maswali. Lakini Nareyu alikuwa ameshauchukua mkoba wake na kutangulia, na mtu anayebebewa mkoba kwa furaha namna ile anakosa pa kuanzia. Akamfuata.

Mama yake Nareyu aliitwa Sinyati, mwembamba, mrefu, masikio yamejaa shanga. Lukresia alimwamkia, akapewa kigoda na chai ya maziwa yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Aliinywa upesi mpaka akaungua ulimi. Prufu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani mwa Nareyu.

"Mwalimu, nina ombi," alisema Nareyu. "Mimi kitabu sijakiona tangu nilipokutumia. Na mama hajui kusoma, lakini Kiswahili anasikia kidogo. Tusomee. Sura ya tisa, ile ya ukame. Hiyo ndiyo ya mama."

Angekataa kwa sababu gani? Alivaa miwani, akaitoa prufu mkobani, akatafuta sura ya tisa, akaanza.

Lukresia alikuwa msomaji mzuri, sauti yake ina kina, na sura ilikuwa inasomeka vizuri kupita kiasi. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuisikia. Hapakuwa na ng'ombe aliyetangulia, wala jambo lililozungukwa. Kila sentensi ilikuwa imeoga na kuvaa sare. Alimtazama Nareyu kwa pembeni, akamwona amekunja uso kidogo, kama mtu anayesikia sauti ya ndugu yake chumba cha pili na kugundua kwamba si yeye. Lukresia akaongeza mwendo. Alitaka afike mwisho wa sura, apumue.

"Tobiko alianguka kando ya kisima kilichokauka," akasoma, "na mama yake alipofika, Tobiko alikuwa amekwisha kukata roho."

Sinyati aliinua kichwa. Alisema neno moja kwa Kimaasai.

"Rudia hapo, mwalimu," Nareyu alisema polepole.

Alirudia. Mama mtu aliinuka, akatoka nje bila kuaga, na sauti yake ikasikika akimwita mtu fulani, ikiwa imepanda.

"Tobiko ni mdogo wangu," alisema Nareyu. "Kitindamimba. Ni mlinzi wa lodji, hapo Karatu. Ni mzima. Juzi alipiga simu."

"Basi ni… jina tu. Katika hadithi—"

"Aliyekufa ni mwingine. Kaka yangu wa katikati. Kwetu aliyekufa hatajwi jina, mwalimu, tena mbele ya mama yake ndiyo kabisa. Na aliye hai humwiti marehemu." Alizitoa karatasi mikononi mwa Lukresia, akaziweka chini taratibu, kama kitu cha moto. "Nimeandika kitabu kizima juu yake bila kumtaja. Miaka minne. Kila siku nilikuwa natafuta njia ya kumsema bila kumsema. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Nyingine yote ilikuwa rahisi. Sasa nani ameandika jina hapa?"

Lukresia alielewa yote kwa mara moja. Mashine ilikuwa imekutana na mtu asiye na jina, ikaona ni upungufu, ikamsaidia. Ilichagua jina la Kimaasai linalotamkika vizuri, bila kujua kwamba jina hilo lina mwenyewe anayekula na kulala na kuvaa koti la ulinzi. Na yeye, mhariri wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameliona jina hilo likipita na kuona limekaa sawa.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema ni watu wa Arusha, ni kosa la mtambo wa kuchapia. Nani angembishia? Kabla hajautoa, Sinyati alirudi na kumuuliza binti yake jambo, kwa ukali. Nareyu alijibu kwa Kimaasai, maneno machache, akijigusa kifua. Mama alimkaripia. Nareyu akainamisha kichwa.

"Umemwambia nini?" Lukresia aliuliza.

"Nimemwambia nimekosea mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mgeni, umekunywa chai yake. Nitamwambia nini?"

Aibu iliyomshika Lukresia hapo hakuwahi kuijua. Alikuwa amesafiri tangu asubuhi kumtafutia mwanamke huyu kosa, na sasa kosa alipewa bure, limebebwa na yule yule aliyetaka kumbebesha, na halikuwa jepesi hata kidogo. Akavua miwani.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye masika na nyonga ya mama yake, mpaka akachukia sauti yake mwenyewe na kuacha visingizio. Alisema alichukua sura ishirini akazitia kwenye mashine. Alisema Arusha wamezipima, wanadhani ni Nareyu, na keshokutwa jina lake litabandikwa asipate mchapishaji tena. Alisema ameombwa ripoti na hajaiandika.

Nareyu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja.

"Hukusoma?"

"Sura tatu nilisoma."

"Halafu?"

"Halafu sikusoma."

"Mimi nilikuwa napanda kilima," alisema Nareyu, na sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nasimama pale na baridi, naangalia zile alama mbili za simu zikigeuka bluu. Nikawa nafurahi. Nasema, sasa hivi anasoma."

Sinyati hakungoja wamalize. Alitaka kumsikia mwanawe, na mtandao ulikuwa juu. Wakapanda wote watatu, mama mbele, upepo unavuta mashuka. Kileleni Nareyu alipiga simu, akaiweka kwenye sikio la mama yake, na sauti ya Tobiko ikatoka, ya kijana aliyeamshwa usingizini baada ya zamu, anacheka, anauliza kuna nini. Mama alimwambia maneno mengi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Lukresia alisimama kando akiwa hajui aiweke wapi mikono yake.

Simu ya Tobiko ilipokatika, Lukresia alichukua ya kwake na kumpigia Ashrafu. Akaweka sauti ya nje. Hakuambiwa afanye hivyo, lakini alijua kwamba akimsikiliza peke yake atapata mwanya wa kupenya.

"Mama! Ripoti tayari?"

"Ripoti ni hii. Mswada wa Nareyu ni wake. Aliyeutia kwenye mashine ni mimi, sura ya nne mpaka ya mwisho. Ujumbe wake wote wa mwanzo ninao, nitakutumia uone."

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa Ashrafu.

"Mama, tuongee taratibu," alisema. "Ukisema hivyo, itabidi kila kitabu ulichogusa mwaka huu kipimwe upya. Vingine vimeshafika madukani. Itabidi nikuondoe wewe, na mimi kukuondoa wewe siwezi, umenilea. Huyo binti hana kitabu hata kimoja. Hakuna anayemjua. Hana cha kupoteza. Andika tu kwamba ulikuwa na wasiwasi naye tangu mwanzo."

Nareyu alikuwa anatazama bondeni. Hakugeuka.

Na hapa nisimpambe Lukresia: aliona mwanya. Uliingia moyoni na kutoka, lakini uliingia. Aliiona nyumba yake ya Karatu, meza yake, jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya vitabu mia na zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na moja na hakujua kazi nyingine.

"Yuko hapa karibu nami, Ashrafu," alisema. "Anakusikia."

Hakumpa nafasi ya kujibu.

"Kwenye kundi lenu libandike jina langu. Na la kwake ukilibandika, nitawapigia wachapishaji wote mmoja mmoja niwaambie kama nilivyokuambia wewe."

"Sawa, mama." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisini. "Basi vitu vyote vya kampuni tutavifuata Jumamosi. Mswada urudi kwa mwandishi. Sisi hatutauchapa tena, umeshaingia doa."

"Doa ni langu."

"Nimekuelewa, mama. Lakini kitabu ndicho kilicholowa." Akakata.

Kwa hiyo jina la Nareyu lilisalimika, na kitabu kikabaki hakina nyumba. Lukresia alitaka kulia na hakuona kama ana haki hiyo. Chini Ally alikuwa anapiga honi, gari tupu, anataka awahi geti kabla halijafungwa.

Nareyu alikuwa ameanza kumweleza mama yake, kwa Kimaasai, kirefu, akionyesha simu, akimwonyesha Lukresia, safari hii bila kujigusa kifua. Sinyati alisikiliza akiwa amekaza macho kwa mgeni. Lukresia alikwenda akasimama mbele yake.

"Nisamehe, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Nimemwita mwanao mzima marehemu. Na yule mwingine nimemnyang'anya alichopewa na dada yake."

Sinyati hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alifikiri, kisha akamuuliza binti yake jambo, na Nareyu akasita kulitafsiri.

"Mama anauliza," alisema mwishowe, "anasema wewe ndiye uliyepewa kitabu kabla ya watu wote. Anataka kujua, mle ndani, kwenye kile nilichoandika mimi, yule nimemwitaje."

Nareyu alikuwa anamtazama sasa, na usoni mwake hapakuwa na hasira ila kungoja, kule kungoja kwa miezi yote ya kilimani. Honi ililia tena. Lukresia alipekua kichwani sura ya tano, ya sita, ya tisa, akakuta maneno ya mashine tu, yamejipanga, masafi.

"Sijui, yeyo," alisema. "Sikusoma."